Bando la Usiku

Mwanangu alipotimiza wiki tatu nilikuwa nimeshajua bei ya kila bando la usiku. Nililolipenda lilianza saa sita usiku na kukatika saa kumi na mbili alfajiri. Nilikuwa nalinunua mapema, jioni, kama mtu anayeweka akiba ya mishumaa akijua umeme utakatika. Ningeulizwa ningesema ni kwa ajili ya kuongea na mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu, na siku hizo alikuwa anaelekea Lubumbashi, amekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku ya nne. Lakini usiku wa manane alikuwa amelala kwenye kebini ya lori lake. Lile bando lilikuwa langu mwenyewe.

Chumba chetu cha Tabata kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo usiku giza lake ni giza kweli. Saa nane mtoto anaamka. Nawasha simu inimulikie, namwinua, naegemeza mgongo ukutani, anaanza kunyonya, na mimi naanza kuperuzi. Nilikuwa namnyonyesha zaidi titi la kushoto, maana nikimpakata upande ule mkono wa kulia unabaki huru, na mkono wa kulia ndio wa simu. Titi la kulia likajaa, likawa gumu, likauma mpaka nikapata homa. Nikalikanda kwa maji ya moto, nikameza dawa, homa ikashuka, na usiku uliofuata nikampakata kushoto tena. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha mpaka miezi ilipopita.

Mwanga wa simu ulikuwa unamwangukia shavuni. Video ikibadilika, shavu nalo linabadilika: buluu, jekundu, jeupe, buluu tena. Hiyo ndiyo picha iliyonibaki ya mwezi wake wa kwanza duniani. Uso wa mwanangu niliuona zaidi kwa mwanga wa video za watu wengine kuliko nilivyouona kwa jua.

Kwetu Tanga mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi, na mzazi haachwi peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja shangazi yangu alipojifungulia nyumbani kwetu, na arobaini yake naikumbuka siku kwa siku. Asubuhi na jioni alikandwa kwa maji ya moto. Tumbo lilifungwa kwa kanga. Uji wa pilipili manga ulikuwa haukauki jikoni. Wanawake walipishana mlangoni, na kila aliyeingia alimchukua mtoto bila kuuliza, akaenda kukaa naye barazani, na shangazi akalala. Usiku bibi alitandika mkeka chini, chumba hicho hicho, na mtoto akilia bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Wakati ule niliona ni mila tu za wakubwa. Sasa nikikumbuka naona zilikuwa zamu, zimepangwa vizuri kuliko zamu za wodini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha mwanamke mmoja anapata usingizi.

Mimi nilijifungua kwa upasuaji, Dar. Mama alikuja akakaa nami siku kumi na mbili, kisha bibi yule yule wa mkeka akaanguka bafuni na mama akalazimika kurudi Tanga. Simlaumu hata kidogo. Aliniachia chupa kubwa ya chai, kanga mbili za kufungia tumbo, na maelekezo mengi. Majirani walikuja na sabuni za mtoto na supu ya kuku, wakasema hongera, wakawahi makazini. Kuanzia siku ya kumi na tatu tukabaki chumbani watatu: mtoto, mimi na simu.

Na simu ilinifaa, lazima niseme. Mume wangu alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti, malori yananguruma nyuma yake, naye anamwita mtoto jina ambalo lilikuwa na siku chache tu. Nilikuwa naiweka simu karibu na sikio la mwanangu asikie. Mama alimwona mjukuu wake akikua kwa picha nilizomtumia kila asubuhi. Mchana simu ilikuwa mlango. Ni usiku ndipo ilipogeuka.

Kwanza walinijia wazazi wenzangu. Kulikuwa na dada mmoja, simjui wala hanijui, aliyejifungua wiki moja na mimi. Siku ya ishirini aliweka picha amesimama mbele ya kioo, tumbo limerudi, mtoto amevaa kofia ya kufuma, chumba cheupe chenye maua. Mimi nilikuwa na dera lile lile siku ya tatu, na mshono unavuta kila nikikohoa. Nilijua kwamba picha zinapangwa. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Lakini saa tisa usiku kujua hakunisaidii, kwa sababu mwili uliokosa usingizi hausikilizi hoja. Nilitazama ile picha, nikatazama chumba changu, nepi zimeanikwa kwenye kamba niliyofunga kutoka kabatini hadi dirishani, nikaona nimeshashindwa kazi ambayo ndiyo kwanza nimeianza.

Kisha ikaja hofu, na hii ndiyo iliyonimaliza. Usiku mmoja mtoto alikohoa usingizini mara mbili. Nikaandika kwenye sehemu ya kutafutia: mtoto mchanga anakohoa akiwa amelala. Ikaja video ya daktari, nzuri, ya maana, ya dakika mbili. Iliyofuata ilikuwa ya mtoto aliyelazwa, mrija puani. Sikuipa laiki, sikuandika komenti. Niliitazama tu mpaka mwisho, kisha nikairudia. Baada ya siku tatu ukurasa wangu ulikuwa umejaa watoto wagonjwa, mama wanaolia, majeneza madogo yanayobebwa na mtu mmoja. Nikawa naweka kidole chini ya pua ya mwanangu kuhakikisha anapumua, narudi kwenye simu, narudi kwenye pua. Yeye amelala fofofo, mimi nalinda.

Hakuna mtu aliyekaa mahali akaamua kunitisha. Mfumo ulikuwa unapima. Mitandao hii huhesabu muda unaotua juu ya kila kitu, na anayetua kwa hofu na anayetua kwa mapenzi, kwa mfumo ni sawa. Mtu aliyeshtuka hutazama kwa muda mrefu, basi analetewa kingine cha kumshtua. Na huko chini hakuna mwisho. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza ule mtindo wa ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukikaribia kuisha, ili watu wasihangaike kubofya ukurasa unaofuata. Miaka kadhaa baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Namwelewa. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na hata msiba una siku ya kuanua matanga. Kwenye kitanda changu hakukuwa na chochote cha kuniambia basi, imetosha.

Nimesoma habari za Molly Russell, binti wa London aliyefariki Novemba 2017 akiwa na miaka 14, nikalazimika kuiweka simu chini. Uchunguzi wa kifo chake ulipokamilika Septemba 2022 ilielezwa kwamba katika miezi yake sita ya mwisho alihifadhi, alipenda au alisambaza vitu kama 16,300 kwenye Instagram, na kati ya hivyo 2,100 vilihusu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), kujidhuru au kujiua. Msimamizi wa uchunguzi, Andrew Walker, alisema vingine aliletewa pasipo kuviomba. Akahitimisha kwamba alikufa kwa kitendo cha kujidhuru huku akiugua sonona na akiathiriwa na vitu vya mtandaoni. Yule alikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka 29, mwenye nyumba na mume, na mambo yangu hayakufika alikofika. Lakini njia ile naijua. Unatazama kitu usiku mmoja kwa sababu umeumia, na kesho yake kinakusubiri mlangoni kimeleta ndugu zake.

Wiki ya sita nilimpeleka mtoto kliniki kwa chanjo na kupimwa uzito. Mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda vizuri. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Aliandika uzito, akanitazama.

"Mama, mtoto yuko vizuri. Wewe unalala?"

"Nalala."

"Saa ngapi?"

Nikatafuta jibu nikakosa.

"Mtoto akilala, wewe unafanya nini?"

"Naangalia simu."

Nilijiandaa kusemwa. Nilishazoea kusikia, hata kwenye daladala, kwamba wanawake wa siku hizi wanazaa na simu mkononi. Hakunisema. Aliniomba simu, akanionyesha pale inapoandikwa muda wa matumizi: saa 6 na dakika 50 kwa siku, wastani wa wiki. Nilidhani imekosea. Kisha akatoa karatasi yenye maswali kumi, yote kuhusu siku saba zilizopita. Umeweza kucheka? Umejilaumu mambo yalipoharibika? Umeshikwa na hofu bila sababu ya maana? Swali la mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Nilijibu hapana, na ilikuwa kweli, lakini nilipolisoma nililia mpaka mtoto akaamka, kwa sababu lilinionyesha kwamba kuna mtu alishafikiria mzazi anaweza kufika huko, akaona amuulize.

Kipimo kile kinaitwa cha Edinburgh, kilichapishwa mwaka 1987 na kinatumika sehemu nyingi duniani. Alama ya juu kabisa ni 30. Kuanzia 13 hivi mama huhesabiwa kuwa anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Mimi nilipata 17.

"Hii siyo kichaa, mama," aliniambia kabla sijauliza. Alijua ninachowaza. Mtaani kwetu neno lililopo ni kichaa cha uzazi, na ukisikia neno hilo unaona mwanamke anayekimbia barabarani hana nguo. Mimi nilikuwa napika, naoga, najibu salamu. Ugonjwa usio na jina la kati, la mtu anayetembea na kuugua, hauna pa kusemwa. Wataalamu wanasema sonona, na kwa kweli ni neno letu kabisa, mzizi mmoja na kusononeka, neno ambalo bibi yangu analitumia kila wiki. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake duniani hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8. Chukua wanawake watano kwenye benchi la kliniki yoyote. Mmoja wao.

Nilikutana na mshauri nasaha mara sita, kila Jumanne. Swali nililokuwa nalo ndilo nililoulizwa na kila mtu tangu nianze kusimulia haya: simu ndiyo iliyoniletea sonona, au sonona ndiyo iliyonisukuma kwenye simu?

Nimesoma nilivyoweza, kwa sababu suala hili limeniingia moyoni. Jibu lililonigusa zaidi limetoka kwenye vyuo vya Marekani. Facebook ilianzia Harvard Februari 2004, kisha ikafunguliwa chuo kimoja baada ya kingine. Miaka baadaye watafiti wakaona hapo pana jaribio ambalo limejifanya lenyewe: walilinganisha majibu ya wanafunzi kuhusu afya zao za akili katika vyuo vilivyokwisha kuipata na vile vilivyokuwa bado. Utafiti wao, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba hali ilizorota pale ilipoingia, hasa dalili za sonona, na kwamba mzizi mkubwa ulikuwa kujilinganisha na wenzao. Wale hawakuichagua kwa sababu walikuwa wagonjwa; iliwakuta walipokuwa. Mwaka 2018 kundi jingine la watafiti wa Marekani waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Kila mmoja alipata kama saa nzima ya ziada kwa siku, sehemu yake wakaitumia na ndugu na marafiki, na hali zao zikawa bora, kwa kiasi kidogo.

Kwa kiasi kidogo. Hilo lilinisumbua. Na kuna Amy Orben na Andrew Przybylski wa Uingereza, ambao mwaka 2019 walipima takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu, kwa wingi wake, ya tofauti za ustawi wao, karibu sawa na kula viazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi kama nimeambiwa nimesema uongo. Baadaye nikakumbuka somo la jiografia. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Dodoma haifiki 600. Ukichukua wastani wa nchi unapata namba sahihi kabisa isiyomfaa mkulima wa Bukoba wala wa Dodoma. Nawaamini wale watafiti. Kwa walio wengi simu pengine ni viazi tu. Lakini mimi siku zile nilikuwa na mshono, nina wiki sita za kulala kwa vipande, mume yuko Kongo na mama yuko Tanga. Kila kilichoniangukia kiliangukia hapo.

Mshauri hakuniambia niache simu. Alinipa kalamu akasema niandike kazi ambazo simu inanifanyia usiku. Nikaandika: tochi. Saa. Kuweka kumbukumbu ya titi na muda wa kunyonyesha. Kunikesheza nisije nikasinzia na mtoto mikononi. Mwisho nikaandika, watu. Tukaziangalia. Nne za kwanza zilipata jibu kwa shilingi 30,000, pale Kariakoo: simu ya kitochi, ile ndogo ya vitufe, yenye tochi kichwani na saa kubwa kwenye kioo, na daftari la kurasa mia. Simu kubwa ikahamia jikoni, kwenye kabati la vyombo, kuanzia saa tatu usiku. Namba ya kitochi wakapewa watu wawili tu, mume wangu na mama.

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko zote. Ningependa kuandika kwamba nililala, lakini nisingekuwa mkweli. Kimya kilishuka, na kila kitu ambacho video zilikuwa zimekizuia mlangoni kikaingia kwa pamoja: hofu, aibu, na hasira kwa mume wangu ambaye alikuwa anatafuta riziki yetu. Nililia kwa zamu na mtoto. Usiku wa pili vivyo hivyo. Nilikwenda jikoni mara mbili, nikafungua kabati, nikaishika simu mkononi, nikaitazama ikiwa imezimwa. Nilichokigundua pale kimenibadilisha mawazo kuhusu jambo hili lote: ile orodha ilikuwa na kazi ya tano, na kitochi hakikuwa na jibu lake. Kumnyang'anya simu mtu aliyekaa peke yake na kumwacha hivyo hivyo peke yake ni kumpokonya mkongojo ukidhani unatibu mguu. Nasema haya kwa uchungu, maana nawasikia wanaume na wanawake wenye busara wakisema tiba ni kufunga data. Mpelekeeni mtu kwanza.

Nilimpigia mama. Nilimwambia namba: kumi na saba. Sikujua namna nyingine ya kusema. Hakuuliza kumi na saba ya nini. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nakuja," na Jumamosi alikuwa Ubungo na kapu lake. Bibi alikuwa ameshaanza kutembea kwa fimbo, mama mdogo akabaki naye. Mama alikaa wiki tano. Alitandika mkeka chini.

Siwezi kusema ni kipi kilichonitoa. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, saa mbili mfululizo, kisha tatu, na siku niliyolala saa nne bila kukatika niliamka nikadhani mtoto amekufa, nikamkuta barazani na bibi yake wanaota jua. Jumanne zilikuwepo. Mama alikuwepo. Simu ilikuwa kabatini. Nilipopimwa tena, miezi mitatu baadaye, nilipata 6.

Mwanangu sasa ana miaka miwili na kitu, ananyang'anya rimoti. Simu bado inalala jikoni. Mchana natumia mitandao kama kawaida, nimewaacha kuwafuata watu wengi, na neno mtoto mgonjwa sijaliandika tena kwenye simu. Nikiwa na wasiwasi nampigia yule muuguzi, au naenda.

Mdogo wangu amejifungua wiki iliyopita huko Tanga, mtoto wa kike. Nilipanga kwenda mwisho wa mwezi nikipata likizo. Juzi niliamka saa kumi na mbili, nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikafungua kabati. Ujumbe wake ulikuwa umeingia saa nane na dakika kumi na moja usiku: "Dada, umelala?" Baada ya hapo hakuandika kitu kingine, ila pembeni ya jina lake iliandikwa kwamba alikuwa mtandaoni mpaka saa kumi na moja.

Namba ya kitochi sikuwahi kumpa. Nilimpigia pale pale, chai ikafurika kwenye jiko. Nimezungumza na bosi wangu, na basi la Tanga linaondoka kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkeka nimeshaukunja.